Vidole Vinne na Nusu Mgongoni mwa Mdogo Wangu

Jumatatu moja asubuhi mdogo wangu aliamka na alama ya mkono mgongoni.

Sio alama ya kuchorwa. Mkono mzima umeungulia kwenye ngozi: kiganja, dole gumba, vidole vingine, vyote vimevimba na kujaa maji.

Nilihesabu vile vidole mara tatu. Vilikuwa vinne na nusu.

Nyumbani kwetu mwenye vidole vinne na nusu kwenye mkono wa kushoto ni mtu mmoja tu. Ni mimi ninayeandika hapa.

Na naapa, sikumchoma.

Ngoja nianze mwanzo, maana najua mtu akisoma hapo juu peke yake ataniita mchawi, na wengine humu midomo yenu haina milango. Halafu kuna wale mnaouliza ile posti yangu ya mafuta ya kukinga jua imekwenda wapi. Nimeifuta. Sababu ndiyo hii.

Mimi ni fundi sabuni. Karakana yangu ni chumba cha bati nyuma ya nyumba ya mama. Kuna meza moja ndefu, mizani, jiko la gesi, sufuria tatu na vitambaa vya kuchujia vimening'inia kwenye kamba. Kidole changu cha kati kilibanwa na mlango wa chuma nikiwa darasa la tatu, kikabaki nusu. Nimeshazoea, hata kuzidisha nilijifunza hivyo hivyo.

Mdogo wangu huyu wa kike tunamwita Spika.

Jina alipewa na mtaa kwa sababu ya sauti yake. Ni mshereheshaji wa harusi na mahafali. Akishika maiki, hata mwenye deni atacheka mbele ya anayemdai.

Spika ana ualbino. Ngozi yake haina ile rangi inayotukinga sisi wengine. Jua ambalo mimi nalipita nikilalamika tu, yeye linamwachia majeraha. Miaka sita iliyopita alikatwa kipande cha sikio la kulia kwa sababu ya kansa ya ngozi.

Daktari alituambia maneno haya, na mama huyarudia mpaka leo: "Hii tumeiwahi. Msikubali nyingine ije kimya kimya."

Basi toka siku ile, jua likazidi kuwa adui wa ukoo. Spika anavaa mikono mirefu na kofia pana. Losheni ya kukinga jua anapewa kliniki ya ngozi kila mwezi. Uso na mikono anajipaka mwenyewe. Mgongo nampaka mimi. Nimempaka tangu yeye ana miaka minne na mimi kumi na moja, kila asubuhi, kabla hajavaa.

Ukiniuliza ni mgongo gani duniani naujua kuliko wangu, ningekwambia ni ule.

Sasa mwezi ule kliniki wakasema mzigo haujafika. Rudini mwezi ujao. Tukazunguka maduka ya dawa, tukakuta chupa mbili tu, na zote muda wake wa kutumika umeshapita.

Hapo ndipo ujuaji wangu ulipopanda kichwani.

Nilikuwa nimesoma mtandaoni kwamba majani ya chai ya kijani yana vitu vinavyosaidia ngozi kupambana na miale ya jua. Karoti nayo inatajwa. Mshubiri nao unatajwa. Nikasoma nusu ya kila makala, kwa sababu nusu ya pili siku zote huwa na maneno magumu.

Nikachemsha. Nikachuja mara nne. Nikachanganya na mafuta ya nazi mpaka yakatulia, rangi ya kijani iliyoiva. Nikayaita Kinga ya Kijani.

Msije mkasema nilikurupuka. Nilijaribu kwanza. Siku tisa nilijipaka mwenyewe kwenye mkono, asubuhi na jioni, nikiwa kazini. Hayakuwasha. Hayakutoa upele. Ngozi ililainika. Nikajipa cheti.

Tatizo likawa harufu. Majani ya chai yakichemka na karoti kwenye mafuta hayanukii maua, nawaambia ukweli.

Spika alinusa chupa akarudi nyuma hatua mbili.

"Dada, nikipanda jukwaani na harufu hii watu watajua mbuzi kapewa maiki."

Nikacheka, ila iliniuma. Nikaongeza ndimu. Nilikwaruza maganda, nikayakamua kwa kitambaa, nikamimina yale maji mazito ya kijani humo humo. Harufu ikawa tamu kabisa. Nikapiga picha, nikaposti. Mkanijazia mioyo myekundu mpaka simu ikawa ya moto.

Jumamosi Spika alikuwa na harusi ya mchana kwenye bustani. Bibi harusi alitaka watu wote wa shughuli wavae gauni la aina moja, na lile gauni mgongo wa juu uko wazi.

"Wameniahidi hema," Spika alisema. "Lakini kwa kuwa losheni ya hospitali hakuna, nitavaa koti juu."

Nikamwambia maneno ambayo nikiyakumbuka natamani kujing'ata ulimi.

"Koti la nini? Kwani mimi ni nani?"

Akaniamini. Huyo ni mdogo wangu, ataacha kuniamini aanze kumwamini nani? Nikampaka mgongo mzima, taratibu, kwa mikono yote miwili. Akaondoka ananukia ndimu.

Hema lililowekwa lilikuwa la wazee na maharusi. Yeye alisimama saa nne nje, anachekesha watu.

Jioni alirudi amekuwa mwekundu mabegani na mgongo wa juu. Nilishtuka, lakini nikajifariji: si jua kali tu? Nikamwekea kitambaa cha maji baridi. Jumapili wekundu bado upo, unawaka kwa joto. Nikampaka tena Kinga yangu, kwa upendo kabisa.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikasikia ukelele.

Spika ana sauti, hilo tunajua. Lakini ile haikuwa sauti yake ya kazi. Nilidondosha mwiko nikakimbia.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kanga imeanguka kiunoni, mkono umepinda nyuma anajaribu kufikia mgongo.

"Dada, niangalie. Kuna nini? Naungua. Kuna nini hapo nyuma?"

Nikaangalia.

Mwili ukanisisimka kuanzia kisogoni mpaka kwenye nyayo. Nikashika kabati.

Kama ingekuwa malengelenge tu, ningeelewa. Lakini ule ulikuwa mkono. Mtu alikuwa ameweka kiganja pale juu, upande wa kushoto wa mgongo, vidole vimetanda kuelekea begani. Kando yake ngozi ni nyekundu, sawa, jua. Lakini ndani ya ile alama ngozi ilikuwa imeinuka, imejaa maji, na kingo zake zimekatika safi.

"Dada, sema basi!"

Nilikuwa nahesabu.

Mama akaingia akiwa na kikombe mkononi. Alitazama mara moja, akakiweka kikombe chini sakafuni, taratibu sana. Mama yangu akiwa mtaratibu namna ile, jua kuna kitu.

"Nani kakushika, mwanangu?"

"Mama, harusini nimeshikwa na watu wote. Wamenikumbatia, wamenipa mikono. Sijui."

"Nani kakushika na kitu cha moto?"

"Hakuna, mama! Ningesikia!"

Nyinyi ambao hamna ndugu mwenye ualbino hamuwezi kujua hofu ya mama yangu. Amemlea Spika akimhesabu. Akienda dukani anahesabu dakika. Mgeni akimtazama sana anahesabu sekunde. Siku zote aliamini iko siku mtu atakuja kumdhuru mtoto wake, na siku zote alikuwa anaangalia mlango wa nje.

Asubuhi ile aligeuka akaangalia ndani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akaniambia, "Lete mkono."

"Mama..."

"Wa kushoto."

Akaushika kwenye kifundo, akaupeleka mpaka juu ya ile alama, bila kugusa. Dole gumba likakaa mahali pake. Kidole cha shahada mahali pake. Kile cha nusu, mahali pake, kilipokatikia ndipo alama ilipokatikia.

"Mama, unanifikiria mimi hivyo?"

"Sijafikiria," mama alisema. "Nimepima."

Spika aligeuza shingo. Alikuwa hajaona alama, hawezi kuona mgongo wake, lakini aliona uso wa mama na mkono wangu hewani. Akajivuta mpaka ukutani.

"Dada, naomba usiniguse."

Jamani. Nimeshatukanwa mimi. Nimeshaibiwa, nimeshaachwa. Hakuna kilichowahi kunipiga kama yale maneno matatu.

Na sasa niwaambie kitu cha aibu. Nilianza kujiogopa mwenyewe. Nilienda karakana kuchukua pochi, nikasimama naangalia ule mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine. Nikajiuliza: je, natembea usingizini? Je, nilimwekea sufuria ya moto bila kujua? Je, kuna kitu kibaya ndani yangu ambacho kila mtu atakijua leo isipokuwa mimi? Nikauosha kwa sabuni mpaka ukauma. Nikauvalisha glavu.

Ndiyo, glavu. Nilienda hospitali nimevaa glavu moja ya kuoshea vyombo, ya rangi ya waridi. Mama hakucheka.

Kwenye teksi Spika alikaa mbele, ameinama asiguse kiti. Mama alikaa nyuma na mimi, ameshika kitasa cha mlango wa upande wangu. Nilipogeuka akageuka. Askari hawezi kumlinda mahabusu vizuri namna ile.

Hofu yangu ilikuwa na kichwa cha pili. Ile ngozi si ngozi ya kawaida. Ilishatoa kansa mara moja. Nilikuwa najiambia, hata kama watanithibitisha sina hatia, je nimeamsha nini pale mgongoni?

Hospitalini nesi wa mapokezi alimfungua Spika kanga kidogo tu, akaifunga tena. Sura yake ikabadilika.

"Wewe ingia ndani. Nyie wawili mbaki hapa."

"Mimi ni dada yake," nikasema.

Aliangalia glavu yangu. "Ndiyo maana nimesema mbaki."

Kupitia mlango uliokuwa wazi kiasi nilimsikia akiuliza, pole pole: "Hapa uko salama. Nani anakufanyia hivi nyumbani?"

Spika hakujibu.

Naapa, ningemlipa ajibu. Mtu anayeongea mbele ya watu mia tano bila karatasi, siku moja tu ambayo nahitaji sentensi yake moja, amekaa kimya.

Mlinzi akaja akasimama karibu na benchi letu. Hakunigusa. Alisimama tu, miguu imeachana. Watu wa foleni wakaanza kunong'ona. Mama akasogea, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yangu na yeye.

Baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mwaka, akatoka daktari wa ngozi. Ni yule yule aliyemkata Spika sikio. Mwanamke mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni, hapendi maneno mengi.

"Vua hiyo glavu."

Nikavua.

Aliangalia kiganja, akaangalia kidole cha nusu, akatikisa kichwa. Halafu akaupindua mkono, akavaa miwani. Kwenye kifundo, upande wa nje, nilikuwa na mstari mwembamba mweusi unaoshuka hadi karibu na kiwiko, kama tone lililotiririka.

"Hii nini?"

"Hiyo... nadhani ni sufuria. Niliiona jana."

"Ilikuuma ulipoungua?"

Nikafikiria. "Hapana. Sikumbuki kuungua."

"Jumamosi kabla hajaondoka ulimshika mgongoni?"

"Nilimpaka mafuta. Lakini nilimpaka mgongo mzima, daktari, kwa mikono miwili! Mbona uwe mkono mmoja?"

"Sijauliza kupaka. Nimeuliza kushika."

Hapo ndipo ikanijia, nikamweleza.

Spika alishaaga. Mimi nilisharudi karakana naandaa mafuta ya mzunguko wa pili. Akarudi mbio, gari linapiga honi nje, amenipa mgongo. "Dada, zipu!" Nikamshikilia kwa kiganja cha kushoto, juu, kwenye ngozi tupu, nikavuta zipu kwa kulia. Sekunde tano. Sikunawa hata mikono.

"Ulikuwa unafanya nini kabla ya hapo?" daktari akauliza.

"Nakamua maganda ya ndimu."

Akavua miwani. Akashusha pumzi. Akamgeukia mlinzi, "Baba, nenda tu. Hakuna kesi hapa."

Kisha akanieleza, pale pale kwenye benchi, foleni nzima imetega masikio.

Ndimu, hasa maganda yake, ina kitu ambacho kikikaa kwenye ngozi na jua likakipiga, ngozi inaungua. Hausikii moto siku ile. Inajitokeza kesho yake au siku ya pili, malengelenge au alama nyeusi, kwa umbo lile lile la kilichokugusa. Tone likitiririka, utapata mstari. Mkono ukikushika, utapata mkono.

"Wanaokamua juisi juani nawapata hapa kila msimu," alisema. "Wengine wameshagombana na waume zao kwa sababu ya alama kama hizi."

"Huu mstari wangu?"

"Ulitoka nje siku hiyo?"

Nilitoka kuanika vitambaa. Dakika kumi.

"Na hayo mafuta uliyompaka mgongo mzima yalikuwa na ndimu pia?"

"Kidogo. Kwa ajili ya harufu." Sauti yangu ilikuwa haisikiki.

"Uliyajaribu?"

Nikapata nguvu kidogo. "Siku tisa, daktari! Kwenye mkono wangu!"

"Wapi?"

"Karakana."

"Kuna paa?"

"La bati." Na siku zile tisa ndimu ilikuwa bado haijaingia.

"Yaani," alisema, na hakuwa anatania, "kinga ya jua uliijaribu kivulini."

Mwanamume mmoja kwenye foleni akacheka, akapigwa kiwiko na mkewe. Mimi nilitaka sakafu ipasuke initie ndani. Lakini mnaelewa ilivyokuwa? Sisi nyumba yetu yote imejengwa kulikimbia jua. Mapazia, hema, mwavuli, kila kitu kinafanyika ndani. Miaka sita sijawahi kufikiri jambo lolote la Spika nikiwa nje.

Nikamwuliza kuhusu chai ya kijani, maana nilikuwa bado na kiburi cha kukata roho.

"Majani ya chai yana kitu ndani yake," alisema. "Wenzetu wa maabara wanayachunguza, na mimea mingine mingi. Lakini kuisaidia ngozi ni jambo moja, kuzuia jua lisiifikie ni jambo jingine. Hiyo sufuria yako nani aliipima inazuia kiasi gani?"

Hakuna aliyeipima. Niliinusa tu.

Mama akasogea kwenye benchi, akaziba ile nafasi. Hakuomba msamaha, mama yangu haombi misamaha. Aliushika mkono wangu wa kushoto akauweka mapajani mwake, akaufunika kwa kanga yake. Hapo nikalia mpaka kamasi.

Nikafikiri yameisha.

Daktari akafungua mlango. "Ingieni wote. Bado sijamaliza na mgongo."

Spika alikuwa amelala kifudifudi kitandani. Wameshamsafisha na kumpaka dawa kwenye ule mkono. Aliponisikia akasema, bila kugeuka, "Nimeambiwa ni ndimu. Dada, mimi na wewe tutaongea." Sauti yake ya kawaida. Nilimshukuru Mungu.

Lakini daktari hakuwa anaangalia mkono. Alikuwa amevuta taa karibu, ameshika lenzi, anaangalia pembeni ya dole gumba langu. Kama sentimita mbili hivi chini yake, kando ya uti wa mgongo.

"Hiki kina muda gani?"

Nikainama. Kilikuwa kidoa kidogo tu, saizi ya punje ya mahindi. Chenye magamba magamba, rangi ya waridi, katikati kimechimbika.

Sikuwahi kukiona.

"Kinawasha tangu mvua zilizopita," Spika akasema kwenye mto. "Dada huwa ananikuna."

Naomba msome hiyo sentensi tena.

Miezi mitano. Kila asubuhi. "Dada, nikune hapo kabla hujanipaka." Namkuna. Nampaka juu yake. Namwambia vaa, tunachelewa. Mgongo ninaoujua kuliko wangu, kansa ilikaa pale na mimi ndiye nilikuwa naipaka losheni.

Daktari alikata kipande akakipeleka maabara. Majibu baada ya siku tisa.

Siku tisa zile siwezi kuwaelezea vizuri. Chakula kilikuwa kinageuka mchanga mdomoni. Simu ikiita naiogopa, isipoita naiogopa zaidi. Nilimwaga Kinga ya Kijani yote kwenye shimo la choo, nikafuta posti, nikafunga karakana kwa kufuli. Mama alikuwa anafagia uwanja ambao ameshaufagia. Spika alikuwa anatuchekesha, na tulikuwa tunacheka haraka haraka ili asione.

Siku ya kumi tukaitwa. Ilikuwa kansa. Bado changa, bado juu juu, haijaenda popote. Wakaikata yote, wakamshona nyuzi sita.

"Mmeiwahi tena," daktari alisema. Halafu akaniangalia mimi. "Safari hii kwa bahati."

Sasa hapa ndipo nagombana na watu. Shangazi alikuja kutuona akasema, "Unaona? Mungu ana njia zake. Ule mkono wako ndio uliomwokoa."

Majirani wakashika wimbo huo huo. Mkono wa miujiza.

Nikamwambia shangazi, kwa heshima zote: mwizi akivunja mlango wako, ukaamka, ukakuta gesi inavuja, utamwandikia barua ya shukrani? Mimi nilimuunguza mdogo wangu. Nilimvua koti kwa mdomo wangu. Kansa iligunduliwa na mtu aliyefanya kitu ambacho mimi sikukifanya kwa miezi mitano, tena kitu cha bure: aliangalia.

Spika alikaa wiki tatu bila kuniruhusu nimguse. Hakununa. Alikuwa anasema tu, "Bado, dada." Mama ndiye alikuwa anampaka.

Asubuhi moja akaja chumbani kwangu na chupa mpya ya hospitali. Akaketi, akashusha kanga, akanipa mgongo.

Nikafungua kifuniko.

"Funga hiyo," akasema. "Angalia kwanza. Ukimaliza kuangalia niambie umeona nini, halafu ndio unipake."

Nikaangalia. Nilianzia shingoni. Nilitaja kila kitu kwa sauti: kovu la nyuzi, ile alama ya mkono inayofifia, kidoti cha zamani karibu na mbavu, upele mmoja wa joto. Ilichukua dakika nne. Miaka yote ile sikuwa nazo dakika nne.

Kwa hiyo mnaoniandikia kunidai resipe, sina, na ningekuwa nayo nisingewapa. Mimea ni mizuri, sijagombana nayo. Lakini usimkinge mtu unayempenda kwa kitu ambacho umekipima kwa pua. Losheni ya kliniki, mikono mirefu, kofia, kivuli. Na kama una mtoto, mke, mdogo wako ambaye unampaka mafuta kila siku, leo msogeze kwenye mwanga, umtazame. Kidonda kisichopona, kidoa kinachowasha kila siku pale pale, usikikune. Mpeleke.

Kupaka nilipaka miaka mingi, na nilidhani kupaka ndio kujali.

Alhamisi tunarudi kliniki, ni ukaguzi wa miezi sita tangu akatwe. Naandika haya kwa sababu siwezi kukaa kimya. Spika yuko chumba cha pili anafanya mazoezi ya utani wa harusi ya wikiendi, anapiga kelele peke yake. Mama amemwambia mara tatu apunguze sauti.

Mimi naomba asipunguze.